Mwalimu na Reli ya Mbuzi

Ukitaka kumuudhi Mwalimu, mpishe kwenye foleni. Hapa Donholm vijana wetu bado wana adabu zao, mama mwenye mvi akiingia dukani husogea kando na kusema, "Pita mbele, mathe." Mwalimu hukunja uso. "Nani amekuambia nina haraka?" Halafu anarudi nyuma kabisa, nyuma ya mtu wa mwisho, anafumbata mikono na kutazama. Anamtazama anayetoa pesa mapema, na yule anayengoja atajiwe bei ndipo aanze kupekua mkoba. Anamtazama muuzaji anavyoacha sukari kwenye mizani ili apokee simu. Akitoka hapo na mkate wake uso unang'aa, utadhani ametoka harusini.

Jina lake silitaji kwa sababu hata mimi silitumii. Mtaa mzima unamwita Mwalimu, na ukisema Mwalimu hakuna anayeuliza yupi. Tumepakana ukuta kwa ukuta kwa miaka mingi, yeye na kanisa lake, mimi na msikiti wangu, na kitu pekee kilichowahi kutugombanisha ni redio yake ya asubuhi. Alifundisha chuo cha ufundi mpaka akastaafu. Somo lake lilikuwa kuhamisha vitu bila kuvibeba: mikanda inayotembea, reli za juu zenye ndoano, vitoroli vinavyojiendesha ndani ya maghala. Na hasa alifundisha kuiigiza kazi yote ndani ya kompyuta kwanza, mizigo ikitembea pale kwenye kioo, kabla mtu hajakata hata kipande kimoja cha chuma.

Majirani hawakumwelewa, wallahi. Walijua tu kwamba anashinda na kompyuta, basi wakawa wanamletea simu zilizoanguka chooni. Alikuwa anazipokea! Anaziweka kwenye mchele, anamwambia mwenyewe arudi kesho, na kesho yake anamrudishia simu ikiwa vilevile na kumwambia, "Imekufa, pole." Nilimuuliza kwa nini asiwaambie ukweli kwamba hiyo si kazi yake. Akasema mtu aliyepoteza simu anahitaji siku moja ya matumaini.

Ukitaka akueleze kazi yake mwenyewe, alikuwa anakwenda jikoni na kurudi na maharagwe na ungo. Haragwe moja ni kreti moja. Vijiti vya kiberiti ni reli. Kifuniko cha chupa ni mtu wa kupakia. Anakukalisha mezani, unasogeza haragwe lako, yeye anasogeza lake, na kabla hujajua mambo yamekwama katikati ya ungo na wewe unapiga kelele, "Ondoa hilo lako kwanza!" Hapo ndipo anapocheka mpaka miwani inateleza. "Umeona? Hujajenga kitu na tayari umegombana. Sasa fikiria kama ingekuwa chuma." Baadaye maharagwe yaleyale yanaingia sufuriani. Nimekula kwake ghala la unga, nimekula kiwanda cha soda, na siku moja na binti yangu tulikula bandari nzima na chapati.

Alikuwa na misemo yake, na ole wako ukijifanya hukuisikia. "Kosea kwenye kioo, chuma hakisamehe." Huo ndio aliourudia zaidi. Mwingine ulikuwa juu ya wastani, ambao aliuchukia kama mtu anavyomchukia shemeji mwongo. Mtu akimwambia kwamba kwa wastani lori moja huja kila baada ya muda fulani, anamkatiza: "Mimi nimemwona Wastani? Anakaa wapi? Nionyeshe malori, usinionyeshe wastani!" Maana malori, alikuwa anasema, hayaji kwa zamu kama wanakwaya. Yanakuja yote pamoja, halafu hayaji kabisa, na mtambo uliojengewa wastani unakufa siku yake ya kwanza.

Lakini huyuhuyu, jamani, subira hakuwa nayo hata chembe. Aliweza kukaa nusu siku akitazama watu wa foleni, ila sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe tu, ilimshinda. Anafunua, anakoroga, anafunika, anafunua tena, mpaka nikamwambia, "Mwalimu, hiyo githeri ina aibu, iache ivue nguo peke yake." Na barabara je? Alikuwa anawasomea wanafunzi wake usalama kama mahubiri, kisha ukiangalia unamwona anaikata Outer Ring Road chini ya daraja la waendao kwa miguu, gauni ameliinua, mkono mmoja juu kuwasimamisha madereva. Nilimpigia kelele nikiwa juu ya daraja. Akanijibu kutoka katikati ya barabara, "Halima, huko juu kuna msongamano!"

Na nyumba yake! Mtu aliyeweza kukupangia ghala ukapata sindano, kwake hupati kikombe. Kiti kimebeba nyaya, nyaya zimebeba magazeti, na juu ya magazeti ametulia paka. Nilikuwa naingia na kukunja mikono ya baibui, naanza kupanga bila kuomba ruhusa. Yeye anakaa tu, ananitazama nikienda na kurudi, na mwishowe anasema, "Umepita hapo mlangoni bure mara nyingi sana. Beba vyote vya jikoni kwa pamoja." Ningemtupia kikombe kama ningekipata.

Hasira zake zilikuwa za aina moja tu. Hakukasirika ukimtukana, hakukasirika ukimchelewesha. Alikasirika ukimpa habari ya uongo kuhusu kazi. Meneja mmoja alimwambia kwamba watu wake hawapumziki kamwe. Mwalimu akafunga kompyuta palepale, akasema, "Basi hao si watu, na mimi sibuni mitambo ya malaika," akatoka. Alinisimulia akiwa bado anafoka. Kazi hiyo ilikuwa kubwa na aliikosa, na nadhani angeikosa tena kesho yake bila kujuta.

Hapo sasa ndipo palipokuwa na kidonda chake. Nilikijua siku tunaosha vyombo kwake baada ya sherehe ya kipaimara cha mpwa wake. Nikamuuliza tu, kwa mazungumzo, ni kiwanda gani hapa mjini naweza kwenda nikaona mtambo wake. Akazamisha sahani nyingine ndani ya povu. "Hakuna," akasema. Nilidhani anatania. Akasema kampuni zinamwita, anabuni, anaonyesha, watu wanapiga makofi, kisha wanasema tutarudi, na hawarudi. Wengine walikosa fedha, wengine walibadilisha bosi, wengine walitaka tu picha nzuri ya kuonyesha kwenye mkutano. "Mimi ni kama fundi cherehani ambaye hajawahi kumwona mtu barabarani amevaa nguo yake. Nataka mmoja tu, Halima. Hata mdogo. Nisimame chini yake unatembea." Aliyasema hayo bila kulia, na mimi ndiye niliyelia, nikasingizia sabuni.

Sasa mimi kazi yangu ni kichinjio. Mjomba wangu ana kichinjio kidogo cha mbuzi huko Kiamaiko, na mimi ndiye msimamizi: maji, visu, wafanyakazi, kelele. Wafanyabiashara wanaleta mbuzi wao, wanachinjiwa, wanaondoka na nyama yao. Wakati huo mbuzi aliyechinjwa alibebwa begani. Kutoka kwa wachinjaji mpaka kwa wachunaji, kwa mkaguzi wa nyama, mpaka meza ya kukabidhia, begani tu, sakafu inateleza kwa maji. Kijana wetu mmoja alianguka na mzigo akaumia mgongo. Mjomba hakulala. Asubuhi akaniambia, "Nimeona mahali pengine wana reli juu, mbuzi anatembea kwa ndoano. Tutaipata wapi?"

Ee, sikumngojea amalize! Nilirudi Donholm nikagonga ule ukuta wetu kwa ngumi. "Mwalimu! Mwalimu! Toka nje!" Akatoka na mwiko mkononi. Nilipomweleza, mwiko ulianguka.

Alikuja Kiamaiko siku ya pili amevaa gamubuti za rangi ya waridi. Vijana wangu hawakuwa wamewahi kuona kitu kama hicho. "Niaje Mwalimu! Hizo viatu ni moto!" Naye akawajibu, "Poa sana," akainua mguu mmoja wazitazame vizuri. Swali lake la kwanza kwa mjomba halikuwa juu ya umeme wala nafasi. Aliuliza, "Hapa ni nini kisichoguswa na mashine?" Mjomba akamtazama upya. Akamwambia kuchinja ni mkono wa mtu, kisu cha mtu, Bismillahi ya mtu, na mbuzi ameelekezwa kibla. Mwalimu akasema, "Basi hapo mtambo unasimama mlangoni na kungoja kuitwa." Tangu siku hiyo mjomba alikuwa anamwagizia chai ya maziwa bila kuulizwa.

Modeli ya kwanza aliileta mapema kuliko tulivyotarajia, na ilikuwa tamu kuitazama! Kichinjio chetu chote kimo ndani ya kioo, mpaka lile bomba linalovuja. Mbuzi wanatundikwa, reli inawachukua, ngozi inashuka huku, kichwa na matumbo vinateremka kwa mkanda kule, nyama inapita kwa mkaguzi, vyote vinafika mwisho bila mtu kubeba kitu. Mjomba alipiga meza. "Hii! Hii ndiyo!" Palepale akawapigia mafundi wa kuchomelea waje wiki inayofuata. Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili na kutabasamu mpaka masikioni.

Mtu mwingine angekwenda nyumbani kula keki. Yeye alisema anataka asubuhi moja zaidi ya kusimama tu. Nikamuuliza ya nini tena. "Modeli isiyonuka mbuzi bado si modeli," akasema.

Basi akasimama. Na pale akamwona Guyo. Guyo ni mfanyabiashara mrefu anayeleta mbuzi kwa lori kutoka kaskazini, mtu wa maneno machache na bakora ndefu. Mbuzi wa Guyo alichinjwa, akabebwa, na Guyo akamfuata. Akasimama kwa mchunaji mpaka ngozi ikatoka, akaiwekea alama. Akafuata kichwa. Akarudi kwa matumbo. Akasimama nyuma ya mkaguzi. Nyuma yake kulikuwa na mwingine anamfuata mbuzi wake, na mwingine, na mwingine. Sisi tumezoea, hata hatuoni. Kiamaiko kila mtu anamfuata mbuzi wake kutoka kisuni mpaka mezani, kwa sababu kichwa ni cha mbuzi yule, ngozi ni ya mbuzi yule, na yule mbuzi ana mwenyewe.

"Guyo," Mwalimu akamuuliza, "ukipewa kichwa cha mbuzi mwingine, kizuri tu kama hicho?"

Guyo akamtazama kwa huruma. "Mama, kwani wewe ukienda hospitali unachukua mtoto yeyote tu?"

Watu waliangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alinishika mkono akanivuta nje karibu na zizi, na sijawahi kumwona akiwa na uso ule. "Halima, nimekosea. Kwenye modeli yangu mbuzi wote ni mbuzi mmoja. Kichwa chochote kinakwenda na mwili wowote. Nimebuni kiwanda cha soda!" Nikamwambia labda si kitu kikubwa. "Ni kikubwa. Mkijenga vile, pale mwisho patakuwa na rundo la vichwa na watu wenye visu wanabishana. Mafundi wanakuja lini?"

Tulikwenda kwa mjomba pamoja. Niliogopa, maana namjua mjomba: akishafurahi ukamwambia ngoja, anaona umemdhihaki. Na nilijua huyu mama anaweka rehani kitu gani. Reli yake ya kwanza na ya pekee ilikuwa na mafundi tayari. Alichohitaji ni kunyamaza wiki moja tu. Hakunyamaza. Alisimama mbele ya mjomba na gamubuti zake akasema, "Hajji, modeli niliyokuonyesha ni mbaya. Usiijenge."

Mjomba akaweka kikombe chake chini. "Lakini niliiona inatembea."

"Iliigiza mahali pengine. Haikuigiza hapa."

"Basi tuache," mjomba akasema. "Kama anayejua hajui, mimi nitajua nini? Tutaendelea na mabega." Akawapigia mafundi akawaambia wasije. Mwalimu alimshukuru kwa chai, akatoka. Mimi nilibaki nimesimama na hasira ambazo sikujua nimpe nani, nikaishia kumfokea kijana wa maji.

Kwa siku nyingi redio yake haikulia asubuhi, na ndipo nikajua kwamba ninaipenda. Nikaenda kugonga. Nyumba ilikuwa mbaya kuliko kawaida, na mezani palikuwa na ungo wenye maharagwe ya kila rangi: mekundu, meupe, meusi, ya madoadoa. Kila rangi na mwenyewe. Alikuwa amepasua kila haragwe vipande viwili, mwili na kichwa, na anavisogeza. "Kaa," akaniambia bila salamu. "Wewe ni mkaguzi. Kataa mbuzi mmoja." Nikakataa jeusi. Ungo wote ukasimama. Vichwa vya watu wengine vilikwama nyuma ya kichwa cheusi, miili ilikwama nyuma ya mwili mweusi, na hakuna aliyeweza kuondoka. "Hapo!" akapiga kelele. "Hapo ndipo pamenishika koo wiki nzima!" Alikuwa na furaha kama mtu aliyeona mwizi wake. Nikatambua kwamba huyu hajakata tamaa hata kidogo.

Nilimrudia mjomba na kumwambia ampe nafasi ya kuonyesha tu, si kujenga. Akasema sawa, lakini waje na wafanyabiashara wenyewe. Basi Ijumaa baada ya swala tukajazana kwenye kibanda cha chai kilicho kando ya kichinjio, kompyuta juu ya kreti, na Mwalimu akasema kila mtu achague rangi ya mbuzi wake.

Wee! Sijaona kitu kama kile. Wanaume wazima wakawa wanagombania rangi. Guyo alichukua nyekundu. Mwalimu akabonyeza, mbuzi wakaanza kutembea kwenye kioo, kila mmoja nukta ya rangi yake, na safari hii chini ya kila ndoano kulikuwa na sinia lake, limebeba kichwa na ngozi na matumbo, linakwenda sambamba na mwili, hatua kwa hatua. Watu wakaanza kushangilia: "Huyo wangu! Huyo wangu anapita!" Mara mkaguzi wa ndani ya kioo akazuia mbuzi mmoja wa kijani ili amtazame vizuri. Reli nzima ikasimama.

"Imekwama!" Mwalimu akapiga makofi. "Tazameni, imekwama!"

"Sasa mbona unafurahi?" mjomba akafoka.

"Kwa sababu imekwama bure, Hajji! Hakuna aliyeumia, hakuna nyama iliyooza!"

"Mwenye kijani toa mbuzi yako bana!" mtu akapiga kelele. "Unatuzuilia!" Mwenye kijani akasimama kujitetea kana kwamba ni kosa lake kweli. Mwalimu akangoja kelele zizidi, kisha akaongeza kitu kimoja: reli fupi ya kando, karibu na mkaguzi. Akaanza upya. Mbuzi wa kijani akazuiwa tena, na safari hii akapinda, yeye na sinia lake pamoja, akasimama kando na vitu vyake vyote. Wengine wakapita. Kibanda kililipuka.

Lakini hakuishia hapo. Alituambia sasa analeta siku ya kuamkia Idd. Akaingiza malori yote kwa pamoja, kama yanavyokuja kweli. Ile reli ya kando ikajaa, ikakwama tena, watu wakashika vichwa. Akairefusha. Ikatosha, ila ikawa imetoboa ukuta wa jirani. Wakacheka. Akaifupisha kidogo na kuikunja kona, akaanzisha tena Idd yote, na sisi sote tukasimama tukitazama nukta zile zikiongezeka, zinasongamana, mkaguzi anazuia, nukta zinapinda kando, zinarudi, zinasonga, mpaka ya mwisho ikafika mezani. Ilikuwa nyekundu. Guyo, mtu wa maneno machache, alirusha bakora juu. Mjomba alikuwa tayari ana simu sikioni anawaita mafundi.

Nilitaka kumkumbatia Mwalimu lakini vijana walikuwa wameshambeba.

Ujenzi hakuuona. Dada yake aliugua huko magharibi mwa nchi, akaenda kumuuguza, akakaa huko miezi. Nilimpigia kumwambia reli zimefika, mota zimefungwa, leo imezunguka bila mzigo. "Usinitumie video," alikuwa ananiambia kila mara, kwa ukali. "Halima, ukinitumia video nitakukana." Mafundi wakikwama walimpigia simu, naye anawajibu akiwa kando ya kitanda cha mgonjwa, anawaelekeza kona ile kwa maneno matupu. Reli ikaanza kazi. Dada akapona, alhamdulillahi.

Nilimwona tena asubuhi moja nikiwa mlangoni pa kichinjio. Sikuwa nimeambiwa amerudi. Anakuja kutoka sokoni na gamubuti zake, amekonda kidogo, na mkononi ana kamba, na kwenye kamba kuna mbuzi dume mweupe mwenye sikio moja jeusi, naye mbuzi ndiye anayemvuta kwenda anakotaka.

"Mwalimu! Huyo wa nini?"

"Wa shukrani, kanisani. Dada yangu amepona." Alikuwa anahema. "Nimekuja kuchinjiwa kama watu wengine. Nianzie wapi?"

Hakutaka kuonyeshwa mota wala kona. Mjomba alikuja mbio na maneno ya kumkaribisha, Mwalimu akamwambia, "Baadaye, Hajji, nina mbuzi." Mbuzi akachinjwa kwa mkono wa mtu, kama alivyoahidi. Akatundikwa. Sinia likasogea chini yake. Ndoano ikashtuka kidogo, ikaanza kutembea, na Mwalimu akaanza kutembea chini yake, uso juu, mdomo wazi.

Kwa wachunaji alisimama. Ngozi ikashuka kwenye sinia kando ya kichwa, lile sikio jeusi likaonekana, akalinyooshea kidole. Akaendelea. Kwa mkaguzi, yule mkaguzi wetu halisi ambaye hacheki na mtu, mbuzi alisimamishwa. Mkaguzi akageuza ini, akainama, akaligeuza tena. Akabonyeza kitufe.

Mwalimu alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Mbuzi wake akapinda. Sinia likapinda naye. Wakaingia kona ile aliyoikunja kwenye kioo na kusimama kando, wametulia, na nyuma yao mbuzi wa watu wakapita mmoja baada ya mwingine bila kugusana. Alikuwa analia waziwazi sasa, na wafanyabiashara waliokuwa wakiwafuata mbuzi wao wakampita na kumsalimia, "Shikamoo mama, pole, wako atatoka tu," maana hawakujua analia nini. Mkaguzi akarudi, akatazama mara ya mwisho, akapiga mhuri. Mbuzi akarudi kwenye reli kuu na vitu vyake.

Mezani alikuwapo Guyo, anangoja wa kwake. Ndiye aliyeliangalia sinia, akainua kichwa kile cheupe kwa pembe, akatazama sikio, akatazama ngozi, akamtazama Mwalimu.

"Mama, huyu ni wako kabisa."

Mwalimu alikipokea kichwa kwa mikono miwili. Akakigeuza huku na huku, akafuta machozi kwa bega, akaitazama ile reli juu ikiendelea kuleta mbuzi wa watu. Halafu akaniwekea kichwa kile mikononi, na kabla sijamuuliza anakwenda wapi alikuwa ameshafika mlangoni, gamubuti zinapiga sakafu, anakimbilia sokoni kutafuta mbuzi mwingine.